Nani Anajua Kwamba Umeacha? Maswali na Majibu Kuhusu Uraibu na Watu wa Karibu

Barua zinazojibiwa hapa zimefupishwa, na kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi wake kimeondolewa. Baadhi zinatoka kwa watu wanaoacha kilevi, na nyingine kwa ndugu na marafiki wanaowasubiri.

Nimeacha pombe kwa miezi minne, na nimeacha peke yangu. Nimebadilisha namba ya simu, sitoki isipokuwa kwenda kazini, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba nilikuwa na tatizo wala kwamba nimeacha. Nasikia kwamba mtu hawezi kupona bila watu wengine. Je, ni kweli?

Jinsi unavyosikia jambo hilo likisemwa, si kweli. Wako watu wengi walioacha kilevi bila kuingia kituo chochote wala kumwona mshauri nasaha. Lakini ukikaa nao na kuwauliza taratibu, utakuta ni wachache mno walioacha bila mtu yeyote: mmoja alikuwa na dada aliyehesabu siku pamoja naye, mwingine alikuwa na mtoto mchanga, wa tatu alikuwa na msimamizi wa kazi aliyemwambia kwamba nafasi yake ipo mradi afike asubuhi akiwa na akili timamu. Kuacha bila wataalamu ni jambo moja, na kuacha bila watu ni jambo jingine.

Mfano mkubwa wa watu walioacha bila matibabu ni ule wa wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Mtafiti Lee Robins alipowahoji, takriban mmoja kati ya watano alieleza kwamba alikuwa mraibu wa afyuni au heroini alipokuwa vitani, na wengi walitarajia janga watakaporudi nyumbani. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza baada ya kurejea, ni takriban asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu kule walioingia tena katika uraibu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, kwa kuwa heroini ilikuwa ghali na ya shida kupatikana walikorudi, na vita vyenyewe vilikuwa vimebaki nyuma. Lakini walirudi pia kwenye wake, wazazi, kazi na majirani waliowajua kwa majina mengine kabisa, si kwa jina la mtumiaji. Mahali palibadilika, na watu waliowazunguka walibadilika.

Wewe umebadilisha mahali na kuwaondoa watu wa zamani, na kwa miezi minne ya kwanza nadhani ulifanya vyema. Kinachonipa wasiwasi ni ile siri. Maadamu hakuna anayejua kwamba umeacha, hakuna atakayejua siku utakayokunywa, kwa hiyo siku hiyo haitakugharimu chochote mbele ya mtu yeyote. Fikiria jioni ya siku ya mapumziko, saa moja na nusu hivi: umetoka kuoga, simu iko kimya mezani, na wazo linakujia polepole kwamba miezi minne ni mingi, kwamba umekwisha kuthibitisha unaweza, na kwamba glasi moja haitamdhuru mtu. Wazo hilo likitamkwa kwa sauti mbele ya mtu anayekufahamu, hupoteza nusu ya uzito wake kabla hata hajajibu. Likibaki kichwani, hujibiwa na kichwa kilekile kilicholizaa.

Tafuta mtu mmoja. Asiwe yule unayemwonea haya kupita wote, wala yule anayependa kusimulia habari za watu. Maneno yanaweza kuwa machache: «Nina miezi minne tangu niache pombe, na hakuna anayejua. Sikuombi unisimamie. Naomba tu nikikupigia usiku, upokee.» Watu wengi huombwa mambo makubwa zaidi ya hilo kila wiki.

Mdogo wangu anatumia heroini. Hakukosa upendo: tunaishi naye, tunakula naye, na tumemlipia matibabu mara mbili. Nikisikia watu wakisema kwamba uraibu unatokana na upweke, naona wanatushutumu sisi ndugu zake. Tumekosea wapi?

Inawezekana hamkukosea popote. Uraibu hujengwa na mambo mengi kwa pamoja: urithi wa kizazi, umri ambao mtu alianza kutumia, majeraha ya utotoni, maradhi ya akili ambayo hayakutibiwa, na wepesi wa kupatikana kwa dawa yenyewe. Anayesema kwamba upweke ndio chanzo chote amechukua sehemu moja ya ukweli na kuitandaza hadi ikafunika nyingine.

Msemo huo ulipata nguvu kutokana na majaribio ya panya yaliyofanywa na Bruce Alexander na wenzake nchini Canada mwishoni mwa miaka ya 1970. Panya waliofungiwa mmoja mmoja katika vizimba vidogo walikunywa maji yenye mofini, dawa ya jamii moja na heroini, kwa wingi kuliko wale walioishi pamoja katika eneo pana lenye vitu vya kuchezea. Ni jaribio la kuvutia, na husimuliwa kama kwamba lilimaliza mjadala, ilhali waliolirudia baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Mimi hulipa uzito zaidi jaribio la Marco Venniro na wenzake nchini Marekani, lililochapishwa mwaka 2018. Panya waliokwisha kuzoea heroini au dawa kali ya kuchangamsha iitwayo methamfetamini walipewa vitufe viwili: kimoja kilileta dawa, na kingine kilifungua mlango wa panya mwenzao. Karibu wote walichagua mwenzao. Lakini watafiti walipochelewesha mlango kufunguka baada ya kitufe kubonyezwa, au walipoambatanisha mlango huo na maumivu, panya walirudi kwenye dawa.

Kutoka maabara ya panya hadi sebuleni kwenu ni mbali, nami sitaki kuvuta mlinganisho kupita kiasi. Hata hivyo swali ambalo jaribio hilo linaliacha linawahusu: mdogo wako akibonyeza kitufe chenu, mlango unachukua muda gani kufunguka, na ndani anakutana na nini? Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa aina hii, mazungumzo yote yamekwisha kugeuka kuwa upelelezi. Akichelewa anaulizwa alikuwa wapi, akilala mchana anachunguzwa macho, na akicheka watu wanatazamana. Hakuna anayemwuliza tena kuhusu mpira wala anayemtania. Naye, kwa upande wake, huketi mezani akiwa ameificha siku yake nzima, kiasi kwamba upendo wenu unamfikia yule anayejifanya kuwa yeye, wakati yeye mwenyewe anauangalia ukipita.

Sisemi mwache kuwa macho. Fungeni fedha, hifadhini vitu vya thamani, na msione aibu kufanya hivyo. Lakini angalau mara moja kwa siku azungumze na mtu wa nyumba hiyo juu ya jambo lisilohusu dawa, na apewe kazi moja ambayo isipofanywa naye haifanywi na mwingine, yenye saa yake, kama vile kumpeleka mtoto shule au kumsindikiza mzee kwenye miadi. Atashindwa siku nyingine, na siku hiyo mtakasirika. Mpeni tena kesho yake.

Wazee wa familia wanataka tumfungie kijana wetu chumbani kwa siku kadhaa mpaka dawa iishe mwilini, tukiwa naye karibu tukimwombea. Je, ukaribu huo hautoshi?

Hautoshi, na unaweza kumwua. Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku, au anayetumia vidonge vya usingizi vya kundi la diazepamu, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa vibaya. Hali hiyo inahitaji hospitali. Kwa anayetumia heroini, arosto yenyewe ni mateso makubwa ya kutapika, kuharisha na maumivu ya viungo, lakini hatari iliyo kubwa zaidi huja baadaye: mwili ukikaa bila dawa husahau kiwango ulichokuwa umekizoea, na akitoka chumbani akatumia kipimo cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa upande wa uhusiano, atakumbuka kwamba siku alipokuwa na hali mbaya kuliko zote, ninyi ndio mliokuwa na ufunguo. Mpelekeni kwa mtaalamu wa afya, mkae naye foleni, na ukaribu wenu utumike hapo.

Mume wangu anakunywa kila siku. Rafiki zangu wananiambia nimfukuze ili «aguse chini» ndipo atapata akili. Mama yangu ananiambia nivumilie. Nimechoka na ushauri wote wawili.

Nakuelewa, kwa sababu ushauri wote wawili unakuacha wewe bila la kufanya: mmoja unasema ondoka, na mwingine unasema keti. Kuhusu kugusa chini, sijui chini hiyo iko wapi, na wako watu wengi waliokufa kabla ya kuifikia. Mtu hupoteza kazi, kisha nyumba, kisha watoto, na kila anachopoteza kilikuwa sababu mojawapo ya kuacha.

Jambo la kwanza ni usalama. Ikiwa anakupiga, anakutishia au anawatia watoto hatarini, basi kuondoka si mbinu ya kumtibu bali ni haki yako, na yanayofuata hapa hayakuhusu mpaka mtakapokuwa mahali salama.

Ikiwa hakuna hatari hiyo, ipo njia ya tatu. Robert Meyers na wenzake nchini Marekani walibuni utaratibu wa kuwafundisha ndugu wa mraibu namna ya kuishi naye wakati yeye mwenyewe bado anakataa matibabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ndugu 130 waligawanywa katika makundi matatu. Kati ya waliofundishwa njia hiyo, asilimia 64 walifanikiwa kumwingiza mtu wao katika matibabu; kwa waliofundishwa kumkabili mgonjwa kwa mkutano wa familia nzima ilikuwa asilimia 30, na kwa walioelekezwa kwenye vikundi vya ndugu wa walevi ilikuwa asilimia 13. Vikundi hivyo havikuundwa kwa ajili ya kumshawishi mlevi, kwa hiyo tarakimu hiyo isivivunjie heshima. Kazi yake ni kumtunza ndugu mwenyewe.

Msingi wa njia yenyewe unasemeka kwa maneno machache, ingawa kuutenda ni kazi. Saa ambazo hajanywa, uwepo wako uwe mtamu: keti naye, zungumza naye, mwambie kwamba umefurahi kuwa naye akiwa hivi. Akinywa, uondoe uwepo huo bila kelele. Nenda chumba kingine, au kwa jirani. Usigombane na mtu aliyelewa, kwa sababu kesho yake wewe utaukumbuka ugomvi na yeye hataukumbuka. Usimpigie mwajiri wake simu kumsingizia homa, usifue nguo alizozitapikia kabla hajaamka, wala usilipe deni la pombe. Yale yanayotokana na ulevi wake yamfikie yeye kwanza. Kisha ungoje wakati ambapo yeye mwenyewe ameona hasara, pengine asubuhi ya aibu, ndipo umwambie kwamba umekwisha kuuliza mahali fulani na kwamba wanaweza kumpokea leo. Neno «leo» lina kazi kubwa hapo, maana utayari wa asubuhi mara nyingi haufiki jioni.

Nawe uwe na maisha yako yanayoendelea, awe amekunywa au hajanywa. Mke ambaye siku yake nzima ni kusikiliza mlio wa geti hana cha kumpa mtu, na wala hastahili adhabu hiyo.

Je, ni lazima niwaache marafiki zangu wote wa zamani?

Wale ambao hamkuwa na jingine la kufanya pamoja isipokuwa kutumia, ndiyo. Wengine wapime mmoja mmoja: mwambie kwamba umeacha, halafu tazama atakavyofanya wiki inayofuata. Anayekubembeleza «onja kidogo» amejieleza mwenyewe.

Hofu ya kubaki bila mtu ni ya kweli, lakini hesabu si mbaya kama inavyoonekana. Utafiti wa Mark Litt na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kuongezeka kwa mtu mmoja tu asiyekunywa katika mzunguko wa mtu anayeacha pombe kulikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 27 katika uwezekano wa kubaki bila pombe mwaka uliofuata. Kuacha huambukizwa pia. Nicholas Christakis na James Fowler walifuatilia watu 12,067 kwa zaidi ya miaka 30 na kuona, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, kwamba mtu akiacha sigara, uwezekano wa mwenzi wake wa ndoa kuvuta hupungua kwa asilimia 67, na wa rafiki yake kwa asilimia 36. Huenda mmoja wa hao marafiki zako anangoja mtu atangulie.

Nimeambiwa niende kwenye kikundi cha watu walioacha, lakini mimi si mtu wa kuzungumza mbele ya watu. Nitafaidika na nini kwa kusikiliza shida za wengine?

Naomba nikusimulie tukio moja. Mei 1935, mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu, alijikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, Ohio, shughuli iliyompeleka huko ikiwa imeharibika. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na sauti za watu waliochangamka zilimfikia. Upande mwingine palikuwa na simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Aliiendea simu, akapiga namba moja baada ya nyingine, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote aliye taabani. Hatimaye alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu. Walizungumza kwa saa kadhaa, mpaka usiku. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho mwezi uliofuata, na kutokana na watu hao wawili kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous.

Angalia alichokuwa anakitafuta Wilson. Hakuomba mtu ambaye angemsaidia yeye. Aliomba mtu ambaye yeye angemsaidia, kwa sababu alikwisha kugundua kwamba akishughulika na mlevi mwingine, kiu yake mwenyewe hutulia. Ndiyo maana hujaitwa kwenye kikundi ili ukatoe hotuba. Watu wengi hukaa kimya kwa wiki za mwanzo na hakuna anayewauliza. Ukiona haya kukaa tu, fika mapema upange viti. Baada ya mara tatu utakuwa mtu wa viti, na usipofika kutakuwa na mtu atakayeuliza uko wapi.

Kuhusu manufaa, mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliyoongozwa na John Kelly na kuchapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba wagonjwa wa pombe walioelekezwa kwenye vikundi hivi kwa utaratibu maalumu walikuwa bila pombe kabisa baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 42, wakati waliopata tiba nyingine zinazoheshimika walikuwa asilimia 35. Tofauti si ya kushangaza, lakini vikundi hivi havitozi ada. Havimfai kila mtu. Lugha ya dini iliyomo huwavuta baadhi na kuwafukuza wengine, na vipo vikundi visivyoitumia. Ukichukizwa na kimoja, jaribu kingine kabla ya kukata shauri.

Natumia methadoni mwaka wa pili sasa, nina kazi na nimerudiana na watoto wangu. Kikundini wananiambia kwamba bado sijaacha, na kwamba sina haki ya kuhesabu siku. Niache dawa?

Usiache dawa kwa ajili ya maneno ya watu. Methadoni na buprenofini, dawa anazopewa mraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na kwa mtu aliyekuwa akitumia heroini, hatari ya kufa hupungua kwa nusu au zaidi anapokuwa kwenye tiba hiyo, kisha hupanda tena kwa ghafla katika wiki za mwanzo baada ya kuikatisha. Wenzako hao wamegeuza jambo la tiba kuwa jambo la usafi. Zungumza na daktari wako ikiwa wewe mwenyewe unataka kupunguza, na utafute kikundi ambacho hakitakuomba uchague kati ya dawa na watu. Siku zako zihesabu.

Rafiki yangu aliacha heroini, na kwa mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa napokea simu zake. Wiki iliyopita ameteleza, na akanificha kwa siku tano. Nina hasira, nimechoka, na naona nimeshindwa. Nimwambie nini?

Hasira yako ni halali, lakini isiwe ndiyo inayoingia mlangoni kwanza. Alikuficha kwa sababu wewe ndiye mtu ambaye kauli yake inamwuma kuliko wote.

Kabla ya mazungumzo yoyote yaliyo mazito, kuna suala la uhai. Baada ya mwaka bila dawa, mwili wake hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Mwambie hivyo waziwazi, umwombe asitumie akiwa peke yake, na kama naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, inapatikana mlipo, iwepo karibu na wewe ujifunze namna ya kuitumia. Wako wanaosema kwamba ushauri huo ni kumruhusu atumie. Mimi naona ni kumtaka aendelee kuwa hai wakati tunatafuta njia nyingine.

Kisha umwulize alilala wapi jana na kama ni mgonjwa. Swali la kwa nini liache kwa siku nyingine. Mkifika huko, rudini pamoja kwenye siku mbili tatu kabla hajateleza, maana mara nyingi utakuta hapo ugomvi, msiba, upweke wa ghafla, au sherehe ambayo hakujua namna ya kuikataa.

Kuhusu uchovu wako: kwa mwaka mzima umekuwa kamba moja inayobeba uzito wote, na kamba moja ikilegea kidogo mtu huanguka. Mweleze kwamba utapokea simu hadi saa nne usiku, na baada ya hapo awe na mtu wa pili, na kwa mambo ya tiba awe na mtaalamu. Mtafute huyo wa pili pamoja naye, wiki hii. Wewe pia uwe na mahali pa kusemea. Ndugu na marafiki wa walevi wana vikundi vyao, na chama cha Al-Anon kilianzishwa kwa ajili hiyo mwaka 1951.

Ujumbe wa leo uwe mfupi: «Nimesikia. Bado nipo. Kesho saa kumi na mbili jioni nitakuwa palepale tunapokutana.» Asipojibu, nenda hivyo hivyo, na ufike saa kumi na moja na nusu, ili akija mapema asikute kiti kitupu.